Kadhi, Serikali na Nyumba Isiyogawanywa



Juma hili twakusudia kuizungumza mahakama ya kadhi. Si jambo geni kwa mtu wa Makadara. Kutoka uwanja wetu, pale tunaposali sala ya Idi, mpaka jengo la mahakama ya zamani lililojengwa 1902 karibu na Ngome, si mwendo wa kumchosha hata mzee. Ni nadra kuipata nyumba ya Kibokoni, ya Makadara au ya Mji wa Kale ambayo hapana mtu wake aliyewahi kwenda kwa kadhi: huyu kwa ndoa, yule kwa talaka, mwengine kwa mirathi ya babake. Lakini tukiulizwa kadhi huyu ameketi pale kwa nguvu ya nani, twatofautiana. Wako wasemao ni kwa nguvu ya dini. Wako wasemao ni kwa nguvu ya serikali, kwani ndiyo imlipayo mshahara. Kila jibu lina haki yake, na kila jibu limeacha kitu. Kitu hicho kilichoachwa ndicho kilichotutia kalamu mkononi.

Tuanze na asili. Tarehe 14 Disemba 1895, Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Unguja, alitiliana mkataba na Waingereza, na aliyesimama kwa upande wao ni Arthur Hardinge. Utawala wa ukanda wa maili kumi wa Mwambao ukakabidhiwa Waingereza, enzi ikabaki ya Sultani, naye akawa analipwa kila mwaka. Bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa mpaka 1963. Si wote walioridhika. Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui aliinua silaha mwaka ule ule wa 1895, akapigana miezi kadhaa, kisha 1896 akavuka mpaka kwa Wajerumani. Lakini kwa wale waliobaki mjini, ahadi waliyopewa ilikuwa ni kwamba dini yao haitaguswa, na kwamba kadhi wao atabaki. Waingereza wakaweka maliwali, mamudiri na makadhi ndani ya utaratibu wao wa mahakama. Liwali na mudiri wamekwenda na zama zao. Kadhi amebaki.

Alibaki vipi uhuru ulipokaribia? Hapa vijana wetu wengi hawana habari, wala si kosa lao, kwani skuli hazifundishi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mji huu uligawanyika juu ya suala la Mwambao. Wako waliotaka ukanda ujitawale, wako waliotaka urudi kwa Sultani, na wako waliotaka uungane na Kenya. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, akapendekeza Mwambao uunganishwe na Kenya, na Waislamu wapewe dhamana. Dhamana zenyewe ziliandikwa tarehe 5 Oktoba 1963, katika barua walizopelekeana Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Humo mliahidiwa uhuru wa kuabudu, kuhifadhiwa kwa mahakama za kadhi katika mambo ya Waislamu ya ndoa, talaka na mirathi, kufundishwa Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kutambuliwa kwa hati za ardhi. Siku tatu baadaye mkataba ukatiwa saini, na Disemba uhuru ukaja.

Basi angalieni jinsi shina lilivyohama. Mwaka 1895 kadhi alisimama juu ya mkataba wa mfalme wa Kiislamu na dola ya Kikristo. Mwaka 1963 alisimama juu ya barua za mawaziri wakuu wawili, kisha akaingizwa katika katiba ya nchi. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ikaja kumpangia kazi. Ndani ya sheria hiyo mna jambo tunalopenda wasomaji wetu walijue: ushahidi husikilizwa kwa kanuni za Kiislamu, lakini shahidi yeyote asikilizwe pasina kubaguliwa kwa dini yake wala kwa kuwa ni mwanamke, na kila jambo lipimwe kwa uzito na ukweli wa ushahidi, si kwa idadi ya mashahidi. Wenye kudhani kuwa mwanamke akiingia pale mdomo wake umefungwa, hawajaisoma sheria.

Hapa huja suala ambalo vijana hutuuliza baada ya darsa, tena vijana wema: vipi hukumu ya kadhi itasihi ilhali aliyemteua si Muislamu? Suala hili si la Mombasa peke yake wala si la zama hizi. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alilizungumza katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam. Alilitazama hali ambayo makafiri wametawala nchi pana, kisha wakamteua kadhi wa kutazama maslahi ya Waislamu, akaona kwamba hukumu zake zipite. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni kwamba sheria iliyokuja kwa rehema haitaki maslahi ya watu yaharibike, wajane wakae bila haki na mayatima bila msimamizi, kwa sababu tu mwenye kuteua hakutimiza sharti. Anayetaka kumpinga Imamu huyu na ampinge, lakini kwanza amjue.

Wala isidhaniwe kwamba wanachuoni waliukimbilia ukadhi kwa furaha. Imamu Abu Hanifa alitakiwa na Khalifa al-Mansur awe kadhi, akakataa, akafungwa. Na huyo alikuwa khalifa wa Waislamu! Kisha mwanafunzi wake Abu Yusuf akaukubali ukadhi chini ya Harun al-Rashid, akawa kadhi wa makadhi. Twamheshimu mwalimu na twamheshimu mwanafunzi. Mmoja alihofia dola iisije ikainunua fatwa, na mwengine alihofia raia wasije wakakosa wa kuwahukumu. Hofu zote mbili ni za kweli, na kadhi yeyote mwenye akili hulala nazo zote mbili.

Mji wetu umewahi kumpata mtu aliyezibeba hofu hizo pamoja. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia Waislamu wa Mwambao juu ya elimu, uzembe na hali yao chini ya wakoloni. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alikula mshahara wa serikali ya Kiingereza na hakuacha kusema. (Nasi tunaoandika katika vijarida vidogo kama hiki twajua tunakula chakula kilichopikwa na nani.)

Turudi kwenye katiba, kwani humo ndimo mlimo sharti tulilolidokeza. Katiba ya sasa ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010. Kabla yake palikuwa na miaka kumi ya mvutano. Viongozi kadhaa wa makanisa walikuwa wamekwenda mahakamani mwaka 2004 wakitaka mahakama za kadhi zitolewe katika katiba. Rasimu ya 2005 ilianguka, kwa sababu nyingi, na kadhi akatiwa katika lawama. Kisha tarehe 24 Mei 2010, miezi miwili na ushei kabla ya kura, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi wakatoa hukumu kwamba kifungu cha kadhi katika katiba ya zamani hakipatani na usawa wa dini. Makanisa makubwa yakahubiri kura ya La. Waislamu tukashika roho mkononi.

Matokeo mwayajua. Thuluthi mbili ya waliopiga kura walisema Ndiyo. Sisi ni wachache katika nchi hii, na hesabu ile isingefika pale kwa kura zetu peke yetu. Mamilioni ya Wakristo waliipigia kura katiba iliyo na kadhi ndani yake, na wengi wao walifanya hivyo baada ya kusikia mimbarini mwao kwamba wasifanye. Twaona hili halijasemwa vya kutosha katika misikiti yetu. Tokea hapo kadhi hasimami juu ya mkataba wa Sultani wala barua ya waziri. Amesimamishwa na wananchi wote, pamoja na jirani yetu asiyeswali nasi.

Ibara ya 170 ya katiba hiyo yasema kuwa atakuwako Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu. Mamlaka yao yamewekewa mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa sheria ya Kiislamu. Hapana jinai. Hapana mikono kukatwa, kama walivyotishwa watu wakati wa kampeni. Kisha yaja masharti mawili: wahusika wote wawe ni Waislamu, na wote wakubali kuhukumiwa na kadhi. Neno hili la kukubali ndilo kitu kilichoachwa na majibu yale mawili ya mwanzo. Dini imetoa sheria, serikali imetoa kiti na muhuri, na mlango waufungua sisi wenyewe. Warithi saba wakiwa na shauri, na mmoja wao akisema sitaki kadhi, shauri lile laweza kuishia Mahakama Kuu.

Je, huko Mahakama Kuu hapana Uislamu? Upo, lakini kwa njia ndefu. Sheria ya Urithi ilitungwa 1972, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1981, nayo ilikusudiwa kuwahukumu Wakenya wote kwa mizani moja, Waislamu wakiwamo. Waislamu walipiga kelele miaka tisa. Mwaka 1990 Bunge likairekebisha, na mali ya Muislamu aliyefariki ikarudishwa kugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Twaikumbusha habari hii kwa wale wanaodhani kwamba kifungu cha katiba chajilinda chenyewe. Kifungu cha kadhi kilikuwamo katika katiba miaka yote ile tisa.

Na jambo la karibuni zaidi ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 30 Juni 2025, katika shauri la mirathi lililoanzia hapa Pwani. Mahakama iliamua kwamba watoto waliozaliwa na baba Muislamu nje ya ndoa wasinyimwe urithi wake kwa sababu hiyo tu. Katiba, katika ibara ya 24, imeruhusu kanuni ya usawa ipunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi, lakini kwa kiasi kilichohitajika tu. Majaji wakakisoma kiasi hicho kwa ufinyu. Viongozi wengi wa Kiislamu walipinga kwa nguvu, nasi tu pamoja nao katika fikihi: katika madhehebu yetu mtoto huyo humrithi mamake na jamaa za mamake, na nasaba yake kwa baba haithubutu. Serikali isiyo na dini rasmi, kama isemavyo ibara ya 8, haipaswi kutuandikia faraidhi.

Hata hivyo, tumesikia hasira nyingi baraza za jioni, na fikihi kidogo. Mtoto yule hana dhambi. Fikihi hiyo hiyo iliyomtoa katika warithi ndiyo iliyomfungulia wasiya, kwani asiyekuwa mrithi aweza kuusiwa mpaka thuluthi ya mali, na ndiyo iliyoruhusu hiba, mtu kumpa amtakaye akiwa hai na mwenye akili timamu. Mwanamume ajuaye alichokifanya ana njia ya halali ya kumtazama aliyemleta duniani, na njia hiyo haihitaji jaji. Anapokufa kimya, bila wasiya, bila hiba, na pengine kwa ndoa ambayo hapana karatasi wala shahidi wa kuithibitisha, amewaachia majaji kazi ambayo ilikuwa yake. Sheria ya Ndoa ya 2014 imetaka kila ndoa ya Kiislamu isajiliwe, na talaka kadhalika ipelekwe kwa msajili. Wako masheikh wenzetu wanaoliona hilo ni la serikali tu. Nakuulizeni: mjane akisimama mbele ya mahakama yoyote na wakwe zake wakasema hatumjui, atawajibu kwa nini?

Katika majirani zetu mambo ni mbalimbali. Zanzibar wana sheria yao ya mahakama za kadhi ya 2017. Tanzania Bara makadhi wa serikali waliondolewa miaka ya mwanzo ya uhuru, na madai ya kuwarudisha yamekwenda Bungeni yakarudi. Katiba ya Uganda ya 1995 imewataja makadhi, lakini kutajwa si kukalishwa kitini. Sisi tumekalishwa.

Nani anayekitumia kiti hicho? Mtafiti wa Kimarekani Susan Hirsch alikaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi miaka ya 1980, akaandika kitabu kilichotoka 1998. Aliona kwamba wengi wa wanaofungua mashauri ni wanawake, na kwamba mara nyingi hushinda. Sisi hatukushangaa. Kadhi ni mahali pa mtu ambaye nyumbani hakusikilizwa. Lakini walio wengi hawafiki huko, hasa katika mirathi, na hapa twataka kusimama kidogo.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke, mama mzazi, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Ana nyumba moja Mji wa Kale, tuseme yauzika kwa shilingi 16,800,000. Gharama za maziko zimelipwa, deni limelipwa, wasiya hapana. Mke ana thumuni, yaani 2,100,000. Mama ana sudusi, 2,800,000. Kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja: kila mtoto wa kiume 3,400,000 na kila wa kike 1,700,000. Hesabu hii mwanafunzi wa faraidhi huifanya kabla chai haijapoa. Msingi wake umo katika Surat an-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, na hapana mshairi wala mwanasiasa aliyeshauriwa.

Sasa tazameni yanayotokea. Matanga yamekwisha, na mtu mkubwa wa ukoo asema: tusiharakishe, marehemu hajakauka. Mwaka wapita. Watoto wa kiume wamehamia nyumba ya chini na ya juu. Dada zao wakiuliza, huambiwa: nyinyi mna waume, kwani mwataka kumfukuza mama? Mke wa marehemu, akiwa si mama wa wote, huonekana mgeni katika nyumba aliyoipika miaka thelathini. Chumba cha mbele kimekodishwa duka, na kodi yake yaingia mfuko mmoja. Kisha mama mzazi wa marehemu afariki, na fungu lake la 2,800,000 lahitaji kugawanywa kwa warithi wake yeye, ambao si wale wale. Kisha dada mmoja afariki, naye ana mume na watoto. Hii ndiyo waitayo mafakihi munasakha, na ikipita vizazi vitatu, nyumba ya vyumba sita ina warithi hamsini, baadhi yao wako Jeddah na Muscat, na fungu la mmoja halifiki bei ya mlango. Paa laanguka, hapana wa kulitengeneza, kwani hapana mwenye nyumba.

Na kama ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi kisiwani, ambapo kuta ni zako na kiwanja ni cha mtu mwengine, hasara ni maradufu: ukuta ukianguka, hapana kilichobaki cha kurithiwa.

Hapana jaji wa Nairobi aliyewanyima dada hawa 1,700,000 zao. Hapana askofu aliyefanya hivyo. Sheria ambayo tuliilinda mwaka 1963, tukaipigania 1981 hadi 1990, na tukaipigia kura 2010, imekatwa katika sebule zetu, na waliokata wamevaa kanzu. Dada akichoka akaenda Mahakama Kuu, atasemwa kuwa ameikimbia sheria ya Mungu. Twauliza sisi ni nani aliyeikimbia kwanza.

Kwa wenye kutaka kufungua shauri la mirathi kwa kadhi, vitu vya kutayarisha ni hivi: cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, wa kike wakiwamo, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vinavyothibitisha jamaa hao, na hati ya nyumba au karatasi yoyote ya mali, pamoja na madeni ya marehemu. Asiyeridhika na hukumu ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Na kabla ya kwenda kwa chifu, yalinganisheni majina ya marehemu katika kila karatasi, kwani mtu mmoja aliyeandikwa Mohamed katika kitambulisho, Muhammad katika cheti cha ndoa na Mohammed katika hati ya nyumba, mahakama humhesabu watu watatu mpaka athibitishwe kwa kiapo kuwa ni mmoja.